Ndege wadogo wala-mbegu wa Bukavu: mwongozo kamili wa kuwatafuta, kuwatambua na kuwapa makao katika parseli

Mtu anayeishi Bukavu hahitaji kusafiri mbali ili aone ndege wa kupendeza. Pembeni mwa shamba dogo la mihogo huko Panzi, kwenye ukingo wa nyasi ambao mwenye parseli hajaufyeka huko Muhumba, au chini ya kamba ya kuanikia nguo huko Bagira, huja ndege wadogo wenye urefu wa sentimita 9 hadi 12, tena wengi wao hawafiki gramu 12 kwa uzito. Wataalamu huwaweka katika familia ya Estrildidae, yenye spishi zipatazo 140 zinazoishi Afrika, Asia na Australia. Watu wengi huwapita bila kuwatazama, au huwaita wote kwa jina moja tu la ndege wadogo, ilhali katika kundi moja la asubuhi mnaweza kuwa na spishi tatu tofauti.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza, awe mwanafunzi, mwalimu au mwenye bustani. Msimamo wake ni huu: ndege hawa hawapatikani kwa kuwafukuzia bali kwa kuzijua nyasi wanazokula, na hawatambuliwi kwa rangi ya jumla bali kwa kutazama sehemu chache za mwili kwa mpangilio ule ule kila mara.

Hatua ya kwanza: watenge na ndege wengine wadogo

Kabla ya kutafuta jina la ndege, hakikisha kwanza kwamba yuko katika familia hii. Shomoro ana mwili mzito zaidi, na mnana, yule mfumaji wa viota vinavyoning'inia, huwa na uzito unaozidi mara mbili ya ule wa ndege tunaowazungumzia. Anayewachanganya watu zaidi ni chiriku, kwa kuwa naye ana mdomo mfupi mnene wa kuvunjia mbegu. Chiriku, hata hivyo, ni wa familia nyingine, Fringillidae, na mkia wake una panda ndogo mwishoni. Chiriku mwenye michirizi, Crithagra striolata, ni wa kawaida sana katika bustani za nyanda hizi za juu; ni wa kahawia, ana michirizi myeusi ya wima kifuani na ukanda mweupe juu ya jicho. Michirizi hiyo ya wima inatosha kumtoa katika hesabu yetu, kwa sababu ndege wa Estrildidae wa hapa huwa na mistari ya kukata mwili, madoa madogo, au rangi tupu isiyo na alama.

Hatua ya pili: tafuta nyasi kwanza

Chakula kikuu cha ndege hawa ni mbegu ndogo za nyasi, na wanazipenda hasa zikiwa bado changa. Ukitaka kujua kama nyasi fulani ziko tayari kwao, chukua suke moja, bana punje kati ya kucha mbili: ikitoa ute mweupe, kaa hapo usubiri. Ikiwa punje ni ngumu na kavu, mbegu nyingi zitakuwa zimekwisha kudondoka, na ndege watakuwa chini ardhini wakiziokota. Ikiwa ni ganda tupu lisilo na kitu, nenda kwingine.

Bukavu ina mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na kiangazi chake ni Juni, Julai na Agosti. Nyasi zikishachanua na kutoa masuke katikati ya mvua, chakula huwa kimetapakaa kila mahali, na hapo ndipo ndege wengi hujenga viota na kujitenga wawili wawili. Kiangazi kikiingia hukusanyika katika makundi, hutafuta maji, na husogea karibu na nyumba. Kwa anayeanza, kiangazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa nyasi zimekauka, ndege wanaonekana vizuri, na mtu anaweza kukaa saa nzima karibu na bomba linalovuja akawaona wakija mmoja baada ya mwingine.

Saa nzuri ni tangu jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi alasiri. Simama jua likiwa mgongoni mwako, kwa maana ndege mdogo akitazamwa dhidi ya mwanga huonekana mweusi hata kama ana tumbo jekundu.

Tazama pia namna ndege anavyokula, kwa kuwa namna hiyo peke yake hupunguza orodha kwa nusu. Ndege wekundu wa jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Lagonosticta hula chini, wakirukaruka juu ya udongo mtupu uani na kwenye njia za miguu. Wale wa jenasi ya Estrilda na Spermestes hupanda juu ya nyasi zenyewe. Mtazame ndege wa Spermestes kwa makini: hutua kwenye bua, bua linainama kwa uzito wake, naye hutembea juu yake hadi kwenye suke, akalibana kwa kidole cha mguu, kisha akaanza kukwanyua punje moja moja huku maganda yakianguka pande zote za mdomo wake.

Hatua ya tatu: vifaa, na tahadhari ya mjini

Daftari dogo na kalamu ni vya lazima. Jumela inayokuza mara 8 itakusaidia sana, lakini asiye nayo asikate tamaa, kwa sababu ndege wanaokula uani humkubali mtu aliyekaa kimya katika umbali wa mita tano hivi. Vaa nguo za rangi iliyopoa na ukae chini, kwa kuwa mtu aliyesimama huwatisha zaidi.

Tahadhari moja ni ya mji wetu wenyewe. Mto Ruzizi ni mpaka na Rwanda, na kingo zake zina nyasi nzuri na ndege wengi, lakini mtu anayeinua jumela au kamera kuelekea ng'ambo, kwenye daraja, au kwenye kituo cha askari, anajitafutia matatizo ambayo hakuna ndege anayeyastahili. Usifanye hivyo kamwe. Popote nje ya parseli yako, mwone kwanza shefu wa avenyu, mweleze unachokitafuta, na ukiweza mwonyeshe daftari lako. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia ndege wanakolala.

Hatua ya nne: soma mwili kwa mpangilio

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Ndege wa gramu 9 hatulii. Atakupa pengine sekunde tatu. Anayetazama mwili wote kwa pamoja hubaki na kumbukumbu ya rangi nyekundu tu, na nyekundu wanayo karibu wote. Kwa hiyo jizoeze kutazama sehemu hizi kwa mpangilio usiobadilika: mdomo, kisha eneo la jicho, kisha kiuno, yaani sehemu ya mgongo iliyo juu kidogo ya shina la mkia, na mwisho manyoya yaliyo chini ya mkia. Ubavu utauona wenyewe wakati unatafuta hayo mengine.

Mdomo uwe wa kwanza kwa sababu rangi yake haibadiliki kwa mwanga kama manyoya, na kwa sababu ndege huukunja mwili wake lakini kichwa hukiinua daima. Manyoya ya chini ya mkia ni ya mwisho kwa sababu ndiyo magumu kuyaona. Hata hivyo kwa spishi mbili tatu za hapa ndiyo yanayokata shauri. Njia ya kuyaona ni kumngojea ndege atue mahali palipo juu ya macho yako, kwa mfano kwenye waya au kwenye tawi la mparachichi.

Hatua ya tano: tenganisha wanaofanana

Anza na wa karibu kabisa na nyumba. Spermestes cucullata ana kichwa cheusi-kahawia, tumbo jeupe, mistari mieusi ubavuni, na doa dogo la kijani kinachong'aa begani. Mdomo wake una rangi mbili: juu mweusi, chini wa kijivu cha samawati. Vijana wake ni kahawia tupu wasio na alama yoyote, nao huwatatanisha watu. Wajue kwa mdomo wao mweusi na kwa kuwa hawaachani na wakubwa wao. Jamaa yake, Spermestes bicolor, ni mweusi kichwani, kifuani na mgongoni, tumbo jeupe limekatwa wazi kabisa, na mdomo wote ni wa kijivu cha samawati. Huyu hupenda zaidi mahali penye miti na kingo za msitu, lakini mara nyingine wote wawili huwa katika kundi moja.

Wa pili ni ndege wekundu wanaookota mbegu uani. Lagonosticta senegala dume ana mwili mwekundu wa divai, mabawa ya kahawia, mdomo mwekundu wenye mstari mweusi kwa juu, na duara jembamba la manjano kuzunguka jicho. Jike ni kahawia, ila ana nyekundu kidogo kati ya jicho na mdomo, na kiuno chekundu. Wengi wakiona ndege mwekundu hufunga daftari hapo hapo, na hilo ni kosa, kwa sababu yupo Lagonosticta rubricata anayefanana naye sana. Mtazame mdomo: wa huyu wa pili ni wa kijivu cha samawati, hauna wekundu hata kidogo. Mtazame kisha chini ya mkia: huyu ana weusi, yule wa kwanza ana rangi ya kahawia hafifu. Mahali pia panasaidia, kwa kuwa wa kwanza ni rafiki wa nyumba na wa pili hupendelea vichaka na kingo za mashamba.

Wa tatu ni Estrilda, na hapa ndipo penye utamu wote. Estrilda astrild ana mdomo mwekundu, ukanda mwekundu unaopita katikati ya jicho, mistari myembamba mno mwilini mwote ambayo kwa mbali huonekana kama vumbi, wekundu tumboni, na weusi chini ya mkia. Kiuno chake ni cha kahawia. Ukimwona ndege mwenye ukanda mwekundu jichoni lakini kiuno chake ni chekundu na mdomo wake ni mweusi, huyo ni mwingine, Estrilda rhodopyga. Na ukimwona wa rangi ya mchanga, mwenye mdomo mwekundu na kiuno chekundu lakini asiye na ukanda wowote jichoni, andika Estrilda paludicola. Ndege watatu hao hukaa katika nyasi ndefu, hasa kwenye mabonde yenye unyevu. Huyo astrild, kwa njia, alisafirishwa na wafugaji wa ndege hadi Ureno na Brazili, ambako sasa anaishi porini na kuzaa.

Wenye kofia nyeusi wanahitaji subira zaidi. Estrilda nonnula ana utosi mweusi, mashavu meupe, mgongo wa kijivu wenye mistari laini, kiuno chekundu, mkia mweusi, na wekundu ubavuni. Chini yote ni nyeupe, hadi chini ya mkia. Huyu anaingia mjini, katika bustani na mashamba ya milimani. Ukipanda juu zaidi, kuelekea misitu ya Kabare, utakutana na ndege anayeonekana kuwa ni yule yule aliyepakwa masizi: tumbo la kijivu kizito, na weusi chini ya mkia. Huyo ni Estrilda kandti, ambaye baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa tawi la Estrilda atricapilla. Jina lake linamkumbuka Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Kwa hawa wawili usikate shauri kwa kofia wala kwa kiuno; ngoja uone chini ya mkia, na usipoona, andika tu kwamba hukuona.

Mmoja mdogo zaidi asisahaulike: Coccopygia quartinia, mwenye kichwa cha kijivu, mgongo wa kijani cha zeituni, kiuno chekundu, tumbo lenye umanjano, na mdomo mweusi kwa juu na mwekundu kwa chini. Ni mpole na mkimya, hupatikana kwenye kingo za misitu na bustani zenye vivuli. Naye Uraeginthus bengalus, wa samawati ya anga, ambaye dume lake lina doa jekundu shavuni, ni wa maeneo ya chini yenye joto. Ukitelemka kupitia Kamanyola kwenye bonde la Ruzizi una nafasi kubwa zaidi ya kumwona kuliko hapa mjini.

Hatua ya sita: sikiliza

Sauti zao ni ndogo na nyembamba, na mtu hujifunza upesi kwamba huwasikia kabla ya kuwaona. Wale wa Spermestes hutoa mlio mkavu wa haraka wakati kundi zima linaporuka, wale wa Estrilda hulia kwa ukali wa puani. Usijaribu kukariri milio yote kwa pamoja. Fuata mlio mmoja hadi umwone mwenyewe, kisha uandike.

Hatua ya saba: tazama mienendo na viota, bila kugusa

Dume anapomtongoza jike huchukua unyasi au unyoya mdomoni, akaushika kwa ncha moja, na kuanza kujiinua na kujishusha tawini huku akiimba. Ukiona hivyo, jua kwamba kiota kiko karibu au kitaanza kujengwa. Kiota chenyewe ni mpira wa nyasi uliofunikwa juu, wenye mlango ubavuni, na ndani yake hutagwa kwa kawaida mayai 4 hadi 6 meupe. Mama na baba huatamia kwa zamu kwa muda wa siku 11 hadi 14, na makinda hukaa kiotani majuma mawili na nusu hadi matatu. Lagonosticta senegala hujenga hata katika tundu la ukuta au chini ya paa. Estrilda astrild hujenga chini kabisa, katikati ya nyasi, na huweka vipande vya kinyesi cha wanyama wala nyama ndani na kuzunguka kiota, jambo linalowapotosha wawindaji wa mayai. Spermestes cucullata hujenga pia viota vya kulala tu, ambamo kundi zima hujisukuma ndani jioni.

Wapo wageni wasioalikwa. Fumbwe, Vidua macroura, ambaye dume lake wakati wa kuzaa lina mwili mweusi na mweupe, mdomo mwekundu na mkia mrefu kuliko mwili, hajengi kiota. Jike lake hutaga katika kiota cha Estrilda astrild na wenzake. Vidua chalybeata, dume lake jeusi linalong'aa, hutaga katika kiota cha Lagonosticta senegala, na dume huiga hata wimbo wa mwenye nyumba. Kinda la mgeni lina madoa ndani ya kinywa yanayofanana na ya makinda halali, hivyo hulishwa sawasawa na wenzake. Tofauti na makinda ya kekeo wengi, hayawatupi wenzake nje. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumfukuza fumbwe. Uwepo wake ni dalili kwamba wenyeji wake ni wengi.

Kiota usikiguse, usikifungue, wala usikate nyasi zinazokificha ili upate picha. Ukikaribia na mzazi akaruka, ondoka.

Hatua ya nane: wape makao

Acha ukanda wa nyasi upande mmoja wa parseli, hata wa mita moja kwa mita tatu, usifyekwe hadi masuke yaishe. Fyeka nusu kwa wakati mmoja, ili nusu nyingine iendelee kulisha. Ongeza mistari michache ya ulezi au mtama. Weka sahani pana ya maji yenye kina kisichozidi sentimita tatu, na jiwe katikati, mahali ambapo paka hawezi kujificha. Badilisha maji kila siku.

Ukitaka kuwalisha wakati wa kiangazi, nunua ulezi usiosagwa kwenye soko la Kadutu au Nyawera. Mtama ule unaosagwa kwa uji wa masoso nao unafaa ukivunjwavunjwa, kwa kuwa punje nzima ni kubwa mno kwa midomo midogo. Kamwe usitumie mbegu za kupandia zilizopakwa dawa. Mwaga kiasi kinachoisha asubuhi ile ile: mbegu zinazobaki hulowa na kuota ukungu, na usiku huwaita panya.

Nasema wazi kuhusu ulimbo na vizimba. Watoto wengi hufundishwa kuwanasa ndege hawa kwa utomvu wa miti, na wapo wanaowauza. Ndege anayenaswa hivyo hung'oka manyoya, na wengi hufa katika siku za mwanzo kwa hofu na kwa kukosa chakula wanachokijua. Ukimwona mtoto na ulimbo, usimkaripie. Mkalishe karibu na sahani ya maji, mpe daftari, na umwombe akuhesabie ni ndege wangapi wenye mdomo wa rangi mbili.

Hatua ya tisa: panda msituni

Aliyezoea ndege wa uani anaweza kutafuta jamaa zao wa msituni katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980. Lango la Tshivanga liko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Humo kwenye vichaka vya chini kuna ndege wa jenasi ya Cryptospiza, wenye mgongo na mabawa mekundu, ambao hula kimya kimya kwenye giza la majani. Cryptospiza reichenovii dume ana wekundu kuzunguka macho. Cryptospiza jacksoni ana wekundu ulioenea kichwani na mwili wa kijivu, naye hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya bonde la ufa upande wa magharibi. Usiende bila kuulizia kwanza hali ya usalama, na bila kibali na kiongozi wa ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za asili.

Hatua ya kumi: andika

Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, idadi, walichokuwa wakila, na zile sehemu za mwili ulizoziona. Kwa mfano: «Nguba, saa moja na nusu asubuhi, mawingu. Ndege 6 kwenye nyasi changa. Mdomo mweusi wenye wekundu ubavuni, utosi mweusi, shavu jeupe, kiuno chekundu, chini ya mkia nyeupe. Estrilda nonnula.» Andika pale pale, si nyumbani, kwa sababu kumbukumbu hujaza yenyewe yale ambayo jicho halikuyaona. Kumbukumbu za ndege kutoka upande huu wa Kivu ni chache kuliko zile za Rwanda na Uganda, na tovuti za eBird na iNaturalist hupokea za mtu yeyote, hata zile za ndege wa kawaida. Pale usipokuwa na uhakika, acha jina wazi, hifadhi maelezo yako jinsi yalivyo, na urudi mahali pale pale kesho yake saa ile ile, kwa kuwa ndege hawa hurudia nyasi zile zile hadi mbegu ziishe.